Kabla ya Kupiga Kelele "Fungua Seva," Fungua Yako

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu kitu kinachoonekana ni cha watu wa kompyuta, lakini si chao peke yao. Kama uko kwa kundi lolote, iwe ni la kuandika programu, la kushuti video, la kufanya kazi za darasani, ama chama cha marafiki watano wanaoweka pesa ya Krismasi, hii ni yako pia.

Si mnakumbuka "fungua seva"? Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ikisikiza kesi ya uchaguzi wa urais, iliagiza tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Hazikufunguliwa vile mahakama ilitaka, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Tangu hapo hayo maneno mawili yakawa wimbo wa nchi nzima. Rafiki akikunyima paswadi ya Wi-Fi, fungua seva. Mtu akificha simu yake ukipita, fungua seva. Mimi mwenyewe nimeandika hayo maneno mtandaoni mara nyingi sana, nikijiona mtu wa haki.

Shida ni kwamba wakati nikiyaandika, seva yangu mwenyewe ilikuwa imefungwa na kufuli mbili. Na kuna wakulima wa maziwa karibu walilie.

Kwa wageni wa hapa: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea mambo ya kompyuta, karo ikakatika, nikatoka. Sitaki pole, nimeshazipokea za kutosha. Nikarudi nyumbani Embu, nikakaa kwa shosho nikishuti video na simu yenye kioo kimepasuka. Halafu jamaa mmoja tuliyesoma naye akanipigia. Amepata kazi Meru. Ushirika mdogo wa maziwa, ambao sitautaja, ulitaka mfumo wa kurekodi maziwa kwa simu badala ya kitabu. Tukawa wanne. Tukakodi chumba Makutano, juu ya duka la vifaa vya simu, na laptopu tatu kati yetu.

Ukutani tukabandika karatasi za rangi. Kushoto "Kufanya," katikati "Inafanywa," kulia "Imeisha." Kila asubuhi saa tatu tunasimama mbele ya huo ukuta, kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na ni nini kinamzuia. Tulikuwa timu ya ajaili, bana. Tulipiga picha na huo ukuta tukaiweka mtandaoni. Likes zilikuja.

Nieleze hiyo ajaili kwa dakika moja. Februari 2001, waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, mahali watu huenda kuteleza kwenye theluji katika jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoka na mtindo wa zamani, ule wa kuandika mpango wa kurasa mia mbili, kujifungia mwaka mzima, halafu kumletea mteja kitu ambacho hakitaki tena. Wakatoka na tamko fupi lenye mambo manne na kanuni 12. Nikilisema kwa lugha yetu: watu na mazungumzo yao wana uzito kuliko vifaa, programu inayofanya kazi kuliko makaratasi, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana naye juu ya mkataba, na kubadilika kuliko kung'ang'ania mpango.

Mtindo unaotumika sana kuifuata hiyo unaitwa Scrum. Jina limetoka kwa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukuma kama mtu mmoja. Kazi inakatwa vipande vifupi, hakuna kinachozidi mwezi. Kila siku kuna mkutano usiozidi dakika 15. Kipande kikiisha mnamwonyesha mteja mlichotengeneza, halafu mnakaa peke yenu kujiuliza mlikosea wapi. Nguzo zake ni tatu: uwazi, ukaguzi na kubadilika. Uwazi uko mbele kwa sababu huwezi kukagua kitu hukioni.

Sisi tulikuwa na kila kitu kwenye hiyo orodha. Ukuta tulikuwa nao, karatasi za rangi tulikuwa nazo, mkutano wa kusimama hatukukosa hata siku moja. Kitu hatukuwa nacho ni ukweli.

Ilianza hivi. Siku ya tatu, msee mmoja kati yetu alisema kwa ule mkutano, "Mimi nimekwama." Kiongozi wetu akacheka, akauliza kama hii ni chekechea. Alikuwa anatania, nafikiri. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyekwama tena kwa hiyo timu. Ni ajabu sana. Watu wanne, programu mpya, network ya kubahatisha, na kila asubuhi kila mtu yuko sawa.

Kazi yangu ilikuwa ile sehemu ya kutuma rekodi. Karani anapima maziwa ya mkulima, anaandika kilo kwa simu. Kama hakuna network, simu inaweka, ikipata network inatuma. Rahisi, ama? Wiki mbili kabla ya kuanza kutumika, siku ya Jumanne, nikagundua kitu. Mkulima akileta maziwa asubuhi na jioni, na simu isipate network hapo katikati, rekodi ya jioni ilikuwa inafuta ya asubuhi. Lakini si kila mara. Hiyo "si kila mara" ndiyo ilinimaliza, kwa sababu nilijaribu mara tatu ikafanya vizuri, nikajiambia labda nilikosea mimi kubonyeza.

Kesho yake asubuhi, mbele ya ukuta: "Niko sawa. Karibu nimalize."

Nilisema hivyo asubuhi tisa mfululizo. Nimezihesabu baadaye. Wenzangu walimaliza chuo, mimi ndiye niliyeacha, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna siku watanikumbusha. Usiku narekebisha, asubuhi nadanganya, karatasi yangu inakaa pale "Inafanywa" kama picha ya marehemu sebuleni.

Tukaanzisha mfumo tarehe moja. Kadi za wakulima, zile ndogo wanazoandikiwa kilo kila wanapoleta, zikasimamishwa. Si sasa kuna simu? Mwisho wa mwezi hesabu ikatoka, na mama mmoja akaja ofisini kwa ushirika, ametembea, ameshika leso. Mfumo ulisema ameleta kilo 131. Yeye alisema zaidi ya 200. Ana ng'ombe wawili na mtoto kidato cha tatu. Nyuma yake kulikuwa na foleni.

Kilichotuokoa ni mzee katibu wa ushirika, ambaye hakutuamini hata siku moja. Mwezi mzima alikuwa anaandika kila kitu kwa kauntabuku yake, kwa kalamu, kimyakimya, ameificha chini ya kiti. Kilo za yule mama zilikuwa 214. Tulikaa siku tatu na usiku mbili tukijumlisha upya, mkulima kwa mkulima, mzee akisoma na sisi tukiandika. Walilipwa wote. Lakini hebu fikiria kama huyo mzee angetuamini.

Siku ya pili ya kujumlisha, tukinywa chai, mzee akatuuliza swali moja la kawaida tu: "Lakini kwani mlikuwa mnakimbilia wapi? Si nilimwambia kiongozi wenu mnaweza kuanza na kituo kimoja kwanza, hata mwezi ujao?"

Tukamwangalia kiongozi. Kiongozi akaangalia chai.

Alikuwa ameambiwa. Hakutuambia kwa sababu tukichelewa, malipo ya pili yangechelewa, na kodi ya chumba ilikuwa juu yake. Alificha muda, nami nilificha hitilafu. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya ukweli, na hizo nusu mbili zikiwekwa mezani asubuhi yoyote kati ya zile tisa, hakuna mkulima angepoteza hata gramu moja. Mimi ningesema haijakaa sawa, yeye angesema basi tuna muda. Stori ingeishia hapo.

Waswahili walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tulifichuliwa na foleni.

Nilienda kumwomba yule mama msamaha. Hakunifokea, na hiyo ni mbaya zaidi. Aliniambia, "Kijana wangu, mashine kukosea si shida, hata ng'ombe hupiga ndoo teke. Shida ni kwamba mlijua. Mngesema tu, mimi ningeendelea na kadi yangu."

Nikarudi Embu wikendi hiyo nikiwa nimenyong'onyea. Alhamisi ilikuwa zamu ya chama cha shosho kukutana kwake, huko juu upande wa Manyatta, kwenye majani chai. Nimekua nikiona hicho chama, sijawahi kukiangalia. Siku hiyo nilikiangalia.

Kina mama 18 wamekaa duara. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wafike. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, noti kwa noti, na katibu anasoma salio la mwezi uliopita, wote wakiitikia kwamba ndilo. Lakini kabla ya pesa kuguswa, mwenyekiti anauliza kama kuna mtu ana shida mwezi huu. Siku hiyo wa kwanza kusema alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Bonasi ya chai alishaitumia hospitalini, leo ana nusu tu. Wakajadili, wakampa wiki tatu, wakaandika. Dakika nne. Hakuna aliyecheka.

Usiku nikamuuliza shosho, kwani haoni aibu mtu kusema hivyo mbele ya watu wote? Akaniambia, "Aibu ya leo ni ndogo. Ukiiweka, inazaa riba."

Shosho hajawahi kugusa laptopu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi za ajaili na hakuna mahali niliielewa kama hapo.

Na si shosho peke yake anayejua hii siri. Hizi Probox mnazobebwa nazo mkiwa tisa zimetoka kwa kampuni ya Toyota, na viwanda vya Toyota vina kitu maarufu: kamba inayopita juu ya mstari wa kuunganisha magari. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro anavuta. Msimamizi anakuja mbio kusaidia, na isipotatuliwa haraka, mstari unasimama. Wazo lao ni kwamba kusimamisha kazi dakika mbili ni rahisi kuliko kuuza gari lenye kasoro. Watu wa programu walijifunza mengi hapo. Hata ule ukuta wetu wa karatasi una ukoo na kadi za kanban za Toyota. Sisi tuliiga karatasi, kamba tukaiacha Japani.

Ama chukua hospitali. Miaka ya 1990, mtafiti Mmarekani Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali na makosa ya kupeana dawa. Alitarajia timu zinazoshirikiana vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Akachimba, akaona kwamba hawakuwa wanakosea zaidi. Walikuwa hawaogopi kusema. Kwa timu zenye bosi mkali, makosa yalikuwepo, ila yalikaa kimya. Kwa hivyo ukiona timu ambayo kila mtu yuko sawa kila asubuhi, usiwapigie makofi haraka.

Na kama unafikiri kuficha hitilafu ni kitu kidogo cha vijana wa Makutano, angalia Uingereza. Posta ya huko ilianza kutumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon mwaka wa 1999, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha pesa zimepotea kwa vituo vidogo vya posta, pesa ambazo hazikupotea. Wenye vituo wakalalamika, na wengi wanasema waliambiwa hakuna mwingine mwenye hiyo shida, ni wao tu. Zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia ya wizi na udanganyifu wa hesabu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla jina lao halijasafishwa. Ilibidi Bunge lipitishe sheria Mei 2024 kufuta hizo hukumu. Hawakuwa na mzee wa kauntabuku. Kila nikifikiria hiyo stori namwona yule mama na leso yake, akiambiwa kompyuta haikosei.

Sasa, najua kuna msee anasoma hii akiwa kwa kazi ya mtandaoni na anakasirika. Anasema, wewe unatuambia uwazi, na mimi hapa kompyuta inapiga picha skrini yangu kila dakika chache, bosi anajua hata nimeenda choo. Nimefunguliwa kila kitu. Mbona bado nateseka?

Uko sahihi, na hapa ndipo mimi nagombana na watu wa ajaili wanaouza hizi mambo kwa semina. Uwazi unaoangalia upande mmoja tu ni CCTV. Ukuta wetu ulionyesha kazi ya kila mtu wa chini: nani anafanya nini, nani amechelewa. Haukuonyesha mteja amesema nini. Haukuonyesha pesa ni ngapi na zinakuja lini. Kiongozi alituona sisi wote na hakuna aliyemwona yeye. Mtu akiwa kwa hali hiyo atajikinga, na kinga ya mnyonge ni "niko sawa." Mimi nilidanganya, na hilo ni langu kabisa. Lakini nilidanganya ndani ya chumba ambacho ukweli ulikuwa na bei, na aliyeweka hiyo bei hakuwa anailipa.

Ndiyo maana nilipenda kitu kimoja cha uchaguzi wa Agosti 2022, hata kama mlipiga kura tofauti na mimi. Tume iliweka fomu 34A za matokeo ya urais kwa tovuti ya umma, na vituo vilikuwa 46,229. Ukiwa Runyenjes ungefungua fomu ya Maua ama ya Mandera ukajumlisha mwenyewe. Watu bado walienda kortini, na hakuna ubaya. Uwazi haumalizi ubishi. Unafanya tubishane tukiangalia karatasi moja.

Na tusichanganye mambo: kuna vitu havifunguliwi. Namba za simu za wakulima, pesa ambazo kila mmoja analipwa, ugonjwa wa mwenzako, hizo si za kubandika ukutani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria kuna heshima. Uwazi ninaosema ni wa kazi na wa maamuzi. Maisha ya mtu ni yake.

Kitu kingine kinaniuma ni vile tunaongea kuhusu hii ajaili kama kitu cha wazungu tu tunachoazima. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwa blogu yake akiuliza kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaingia, na watu wengine waliojitolea. Hawakuwa nchi moja wote, achia mbali chumba kimoja. Baada ya siku chache, si miezi, Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea ripoti za wananchi kwa mtandao na kwa ujumbe wa simu. Haikuwa imekamilika. Waliirekebisha ikitembea. Halafu wakaachilia msimbo wake bure kwa dunia nzima, na Januari 2010 tetemeko lilipopiga Haiti, ukatumika huko. Jina lenyewe ni la Kiswahili na maana yake mnaijua.

Na M-Pesa? Kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia 2005 na watu mia chache wa Nairobi na Thika. Ilikusudiwa kuwa njia ya kulipa mikopo midogo. Waliokuwa wanaijaribu wakaanza kuitumia wanavyotaka wao, wakitumiana pesa. Wenye mradi wangeweza kusema hao watu wanatumia vibaya. Badala yake waliangalia, wakasikiza, wakabadilisha mpango, na leo hata muuza miraa pale stendi ana till. Hiyo ndiyo ile kanuni ya kukaa na mteja, na ilifanyika hapa kwetu.

Sisi kule Meru tulikuwa na mzee katibu kilomita chache kutoka chumba chetu, mtu mwenye miaka mingi ya kurekodi maziwa, na hatukumpa simu ajaribu hata mara moja kabla ya siku ya kuanza. Tulimwita mtu wa zamani. Angeuliza swali moja tu, "Na jioni nikiandika kabla ya asubuhi kwenda?" na mambo yote yangefunguka.

Saa hii nina timu ya watu watatu Embu, tunashuti na kuhariri video za biashara ndogo ndogo. Si programu, lakini nimebeba nilichojifunza, na nawaachia mjaribu:

Moja, mkutano wetu unaanza na "nani amekwama?" na mimi kama kiongozi najibu kwanza. Kama sina shida yoyote wiki nzima, wenzangu wanajua nadanganya. Nimeiba hiyo kwa chama cha shosho.

Mbili, maneno "karibu nimalize" yamepigwa marufuku. Onyesha. Hata kama ni sekunde kumi za video yenye sauti mbovu, tuone. Kazi inayoonekana ikiwa mbaya inasaidika.

Tatu, pesa na tarehe ziko wazi kwa wote. Mteja amelipa ngapi, amebakisha ngapi, alisema lini na kwa maneno gani. Tunapiga picha ujumbe wake na kuweka kwa grupu. Mwezi uliopita mmoja wetu aliona nimejipangia sehemu kubwa kuliko kazi niliyofanya. Akasema. Iliniuma, halafu nikarekebisha.

Nne, mteja anaona kazi ikiwa bado mbichi. Anakasirika mapema, anafurahi baadaye. Kinyume chake ni ghali.

Tano, Ijumaa tunakaa dakika 20 tunauliza nini kilienda vibaya. Tunaanza na nini, hatuanzi na nani. Ukianza na nani, wiki ijayo hutasikia chochote.

Haya, si kwamba sasa tumekuwa malaika. Wiki jana tu nilijishika nikitaka kusema faili inaendelea kupakia na bado sikuwa nimeanza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikasema, "Sijaanza, nilikuwa nalala." Wakanicheka sana, tukagawana kazi, ikaisha saa kumi.

Najua wengi wenu mko kwa yale makundi ya chuo ya watu sita, ambayo mmoja anafanya kazi na watano wanaandikwa majina kwa jalada. Nilikuwa huko. Hapo ndipo tunafundishwa kwamba kikundi ni mahali pa kujificha, halafu tunapelekwa kazini tukiambiwa tushirikiane. Msikubali. Kama wewe ndiye huyo mmoja, sema leo kwamba umechoka. Kama wewe ni mmoja wa wale watano, sema hujui pa kuanzia. Nina uhakika kuna mwingine hajui pia na amenyamaza tu kama wewe.

Serikali tuendelee kuiambia ifungue seva, hiyo haki ni yetu na mimi sitaacha. Lakini kabla hujaandika hayo maneno tena, fungua grupu ya timu yako na uandike kile kitu umekuwa ukikiita "karibu." Halafu njoo uniambie walijibu nini. Mimi naenda Gakoromone kushuti nguo za mtu, na kamera ina shida tangu jana. Nimeshawaambia wenzangu.